Dhambi Iliyokwisha Kusamehewa, Iungamwe Tena?

Hata wewe unayetusikiliza bila kuwa Mkristo, karibu ukae nasi, kwa kuwa mazungumzo ya leo yana upande unaomhusu kila aliyewahi kumkosea mwenzake.

Swali ni hili: mtu aliyemwamini Kristo, akatubu, akasamehewa, ana haja ya kuendelea kuziungama dhambi zile zile? Linaulizwa sana kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye mikesha, na mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya ibada, mtu akishamvuta mchungaji pembeni. Na wanaoliuliza ni watu wa namna mbili wasiofanana hata kidogo.

Kuna mama aliyetoa mimba akiwa msichana. Alitubu kwa machozi, na kanisani anajulikana kuwa mtu wa imani. Anaimba kwaya, anatembelea wagonjwa, ana wajukuu. Lakini kila mkesha unapofika saa ya toba, analirudia lile jambo mbele za Mungu kana kwamba limetendeka jana. Hajawahi kuondoka pale akiwa mwepesi. Halafu kuna kijana wa chuo aliyefundishwa neema kwa upande mmoja. Kanisa linaposali Sala ya Bwana na kufika mahali pa kuomba msamaha, yeye hunyamaza. Anasema dhambi zake zote, za jana, za leo na za kesho, zililipiwa Kalvari, kwa hiyo kuomba msamaha ni kuudharau msalaba.

Nisiwazungushe. Mama yule aache kurudia. Kijana yule afungue kinywa chake. Na wote wawili, pamoja na mimi ninayesema na wewe unayesikia, tujiulize kama hakuna nyumba ambayo tulipaswa kupiga hodi na hatujafika.

Nianze na mama, maana mzigo wake ni mzito zaidi. Waraka kwa Waebrania unawaweka mbele yetu makuhani wa hekalu, ambao kazi yao ilikuwa ya kusimama. Leo dhabihu, kesho dhabihu, na dhambi ziko pale pale. Kisha unamwonyesha Kristo, aliyejitoa mara moja, akaketi. Kuketi kwake ndiyo habari njema yenyewe: hakuna kilichobaki kufanywa. Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anazungumzia hati ya mashtaka iliyofutwa na kupigiliwa msalabani. Nabii Mika, karne nyingi kabla yao, aliona dhambi za watu wa Mungu zikitupwa vilindini mwa bahari.

Kwa lugha ya mtaani: ndugu yako amekulipia deni dukani, na mwenye duka amelikata jina lako kwenye daftari la madeni huku unatazama. Kesho unarudi kuomba akufutie. Keshokutwa unarudi tena. Mwenye duka hatakusifu kwa uaminifu wako. Atashangaa kwa nini humwamini.

Mama huyu anadhani kurudia ni unyenyekevu. Natamani apatikane mtu wa kumwambia, kwa upole sana, kwamba kinachomrudisha pale kila mara ni huzuni ambayo haikupata nafasi ya kuliliwa. Wakati ule alifichwa, akanyamazishwa, pengine akapelekwa kwa shangazi wa mbali hadi minong'ono ipoe. Hakuna aliyekaa naye msibani. Sasa kila mkesha huzuni ile inakuja ikijiita toba, naye anaomba msamaha alioupata zamani, kumbe anachohitaji ni mtu wa kulia naye. Wachungaji na akina mama wazee wa kanisa, hilo ni jukumu lenu. Msimpeleke madhabahuni mara nyingine. Mkalieni chini, mmsikilize.

Hata Kanisa Katoliki, ambalo linaagiza maungamo kwa padri, halimdai mtu alipe mara mbili. Agizo la kuungama angalau mara moja kwa mwaka lilitolewa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, na limo katika sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kanuni ya 988, inataja dhambi kubwa zilizotendwa baada ya ubatizo ambazo bado hazijaondolewa. Iliyokwisha kuondolewa haidaiwi.

Wapo wanaofanya maungamo ya maisha yao yote kwa hiari, wakirudia hata yaliyokwisha kuondolewa, na wengine hupata faraja. Ignasi wa Loyola alifanya hivyo mwaka 1522 kwenye monasteri ya Montserrat, Hispania. Ilimchukua siku tatu. Baada ya hapo alihamia mji wa Manresa, na huko ndiko mateso yalikoanza. Alihisi kuna kitu hakukisema vizuri. Akaungama tena, kisha tena. Padri alimkataza asirudie ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa, na yeye akaona yote yako wazi kabisa. Alifunga kula kwa juma zima. Ilifika mahali akashawishika kujitupa kwenye shimo lililokuwa chumbani mwake afe. Kilichomwokoa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni uamuzi mmoja: hataungama tena jambo lolote la zamani. Siku hiyo akawa huru, na mtu huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Shirika la Yesu.

Miaka kadhaa kabla yake, kwenye monasteri ya Erfurt, Ujerumani, mtawa kijana aitwaye Martin Luther alikuwa na ugonjwa ule ule. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuungama kwa saa sita, hadi Johann von Staupitz, mkuu wake aliyempenda, akachoka. Watu hawa wawili walikuja kusimama pande mbili zilizopingana katika mgawanyiko mkubwa wa Kanisa. Katika jambo hili waliteswa na kitu kimoja, na hakuna hata mmoja aliyepona kwa kuongeza maungamo.

Naomba niseme jambo moja hapa, hata kama litaniletea lawama. Siku hizi kuna huduma, mijini na vijijini, ambako muumini aliyeokoka miaka 20 iliyopita anaambiwa bado kuna kitu. Atubu upya dhambi za ujana wake. Akishamaliza, atubu za baba yake. Akishamaliza hizo, za babu, za ukoo, za madhabahu ya mizimu ambayo yeye hajawahi kuiona. Na kila hatua ina sadaka yake, ina mafuta yake, ina maji yake. Mtu anauza mbuzi, anauza kiwanja, anatafuta msamaha alioupokea bure siku ya kwanza. Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, alikuwa akipambana na biashara ya vyeti vya rehema, na biashara ile iliota kwenye udongo huu huu: watu waliosamehewa ambao hakuna aliyewahakikishia. Ninawaambia mnaofanya hivyo kwa kujua: mnawaibia watoto wa Mungu kitu kilichonunuliwa kwa damu. Acheni.

Sasa wewe kijana.

Unasema kweli kwamba yote yalilipiwa. Sitaipunguza kweli hiyo hata chembe. Lakini umefundishwa kwamba waraka wa kwanza wa Yohana, pale unapozungumzia kuungama dhambi, uliwalenga wapotoshaji waliokana kuwa na dhambi, na kwamba aliyeokoka haumhusu. Usome waraka huo kwa kikao kimoja, ni mfupi. Mtume anasema "sisi", naye yumo ndani. Sura ya pili inaanza kwa kuwaita wasomaji watoto wake, akitamani wasitende dhambi, kisha anawaambia kwamba ikitokea mmoja wao ametenda, yuko Mtetezi. Na mistari michache mbele anawaambia watoto hao kwamba anawaandikia kwa sababu dhambi zao zimesamehewa. Barua ni moja, watu ni wale wale. Wamesamehewa, na wanafundishwa kuungama. Yohana hakuona kwamba mambo hayo yanagongana.

Kwenye Injili yake Yohana huyo anasimulia usiku ambao Yesu aliwaosha wanafunzi miguu. Petro alikataa kwanza, kisha akageuka akataka aoshwe mwili mzima. Yesu akamwambia kwamba aliyekwisha kuoga ni safi, amebaki na haja ya kuoshwa miguu tu. Petro mmoja, katika dakika moja, alikuwa kijana wetu na mama yetu kwa pamoja: alikataa kuoshwa kabisa, halafu akataka kuoga upya. Jibu la Bwana linatosha kwa wote wawili. Kuoga ni mara moja. Njia tunazopita zina vumbi.

Na Sala ya Bwana inamwita Mungu Baba. Anayeisali ameshakuwa mtoto, hayuko kizimbani. Anaomba msamaha mahali pale pale anapoomba riziki ya leo, kwa sababu leo nayo ina makosa yake. Umemjibu vibaya mama yako asubuhi. Umechelewa kazini ukaandika kwamba uliwahi. Umefungua kwenye simu kitu ambacho hukupaswa kukitazama. Hivyo vyote Kristo alivifia, ndiyo. Kwa nini basi uogope kuvitaja mbele ya aliyevifia? Anayekataa kuungama kwa jina la neema, mara nyingi nimeona, haishii kwenye amani. Anaishia kwenye ukaidi, kisha mke wake ndiye anayejua habari kamili.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tuna historia yetu wenyewe katika jambo hili, na inanisikitisha kwamba vijana wengi hawaijui. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni aliyekuwa Gahini, Rwanda. Church alikuwa amechoka na amekata tamaa. Walikaa na Biblia zao, Mwafrika na Mzungu, wakaomba pamoja, wakafungua mioyo. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu huko Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Wakristo hapo Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakiungama, na haikuwa rahisi kuwazuia. Kigozi alifariki Januari 1936, lakini moto wa uamsho ulikuwa umeshashika. Ulifika Kigezi na Buganda, ukavuka hadi Burundi, ukaingia Kenya kupitia Kabete mwaka 1937, na ukafika Bukoba kwa Walutheri wa huko. Waganda waliwaita watu wa uamsho huo Balokole. Sisi tukasema walokole, na jina hilo tunalo hadi leo. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, unaimbwa misibani na kwenye mikutano na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda.

Walokole wale hawakuwa na shaka kwamba wamesamehewa. Ndiyo maana waliimba. Na bado kila juma walikutana, na kila juma mtu alifungua kinywa akasema yaliyomo: nimemkasirikia mke wangu, nimepunja kwenye mizani, nimemchukia ndugu aliyekaa pale. Hilo waliliita kutembea nuruni. Wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi na dharau, na hilo, katika Afrika iliyotawaliwa na wakoloni, lilikuwa jambo ambalo watu walikuwa hawajawahi kuliona. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Watu waliwaendea waajiri wao na fedha mkononi, wakasema: hizi ni zako, nilizichukua.

Nawapenda wazee hao, na kwa sababu nawapenda nitasema na upungufu. Mahali pengine maungamo yaligeuka kipimo. Asiyeungama hadharani alionekana hajaokoka. Bidii yao iliwagonganisha na wakuu wa kanisa: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kwenye chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwemo. Katika mgogoro ule pande zote mbili zilikuwa na sababu zao, na pande zote mbili ziliumia. Na kuna lile ambalo wengi wetu tumelishuhudia kanisani: mtu anayesimama mwaka baada ya mwaka kusimulia ulevi na uzinzi wake wa zamani, kila mara kwa urefu zaidi, hadi dhambi inakuwa ndiyo shujaa wa simulizi na Yesu anapewa sentensi ya mwisho. Wazee wa uamsho wenyewe walikuwa wakali kwa hilo. Walitaka ushuhuda mbichi, kile Bwana alichofanya juma hili.

Je, kuisimulia dhambi ya zamani ni kosa basi? Hapana. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, kutoka nchi ambayo leo ni Algeria, alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Kitabu chake cha Maungamo alikianza yapata miaka kumi baadaye. Anasimulia humo jinsi alivyoiba mapeari akiwa kijana pamoja na wenzake, tena bila njaa. Wizi ule ulikuwa umesamehewa zamani naye alijua. Aliandika ili amsifu Mungu, na msomaji akimaliza kitabu anamkumbuka Mungu wa Agostino kuliko mapeari. Paulo naye, mzee sasa, anamwambia Timotheo kwamba alikuwa mtukanaji na mtesaji. Anasema, kisha anapita kwenda kwenye sifa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: baada ya ushuhuda wako, watu wanaondoka wakimzungumzia nani?

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa.

Nimesema dhambi iliyosamehewa na Mungu haihitaji kupelekwa kwake tena. Lakini dhambi nyingi tulizo nazo tulimtendea mtu. Mungu amesamehe. Mtu huyo hajaambiwa hata neno. Na sisi tumefunga mlango kwa kusema, "Nilishatubu."

Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alikumbushwa Mzungu mmoja aliyemchukia. Angeweza kusema amesamehewa, yameisha. Alipanda baiskeli akasafiri mbali hadi nyumbani kwa mtu yule, akamwomba msamaha kwa ile chuki. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alipompokea Yesu nyumbani hakungoja kuambiwa. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Na Yesu, kwenye mahubiri ya mlimani, anamsimamisha mtu mbele ya madhabahu na sadaka yake mkononi. Mtu huyo akikumbuka ndugu aliye na neno juu yake, anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza. Mungu mwenyewe yuko radhi kungoja.

Rwanda ilitufundisha jambo hili kwa bei ambayo hakuna taifa lingetaka kulipa. Gahini ni Rwanda. Nchi ambayo uamsho ulianzia humo, nchi iliyojaa makanisa, mwaka 1994 iliua watu wanaokadiriwa kuwa laki nane hadi milioni moja kwa muda wa siku 100 hivi. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye karibu na mpaka wa Tanzania. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Sina jibu lote, lakini sehemu moja naiona: tulijifunza kuungama pombe na uzinzi na wizi wa mizani, na chuki ya kabila ikaachwa ikae, haitajwi. Mtu anaweza kuungama kila juma kwa miaka 30 na asiguse ile dhambi itakayoua jirani yake.

Baada ya mauaji, magereza yalijaa. Humo ndani wengi waliokoka, wakabatizwa, wakaunda kwaya. Siwezi kusema Mungu hakuwasamehe; msalaba unatosha hata kwa hilo, au hautoshi kwa lolote. Lakini nje ya gereza kulikuwa na mjane asiyejua mume wake alitupwa wapi. Msamaha aliopokea mfungwa kule mbinguni ulikuwa haujamfikia mama huyu kwa namna yoyote ile. Sheria za gacaca zililiona hilo. Mahakama hizo za wananchi zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Aliyetaka apunguziwe adhabu kwa kukiri alitakiwa aeleze alichofanya, awataje aliowaua, aseme miili iko wapi, awataje alioshirikiana nao, na aombe radhi mbele ya watu.

Gacaca zilikuwa na kasoro zake: uongo, visasi, woga wa mashahidi. Hata hivyo kuna mifupa iliyofukuliwa na kuzikwa kwa heshima kwa sababu mtu alifungua kinywa. Kwa mjane, neno lile lililosemwa kwenye nyasi mbele ya kijiji lilikuwa na thamani kuliko sala elfu za gerezani. Makanisa nayo yalichelewa. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda walitoa tamko lililosomwa kanisani, wakiomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watoto wake katika mauaji yale. Miaka 22, miaka 23. Mungu hakuhitaji kungoja hivyo ili ajue. Walionusurika ndio waliokuwa wanangoja.

Najua hapa kuna hatari, na siwezi kukuacha bila kukuonya. Unapokwenda kuungama kwa mtu, nenda na sehemu yako tu. Usitaje jina la mwenzako mliyetenda naye. Hilo ni lake kulipeleka. Usiende kumweleza mtu kwamba ulimwonea wivu miaka kumi bila yeye kujua, ukamwachia uchungu ambao hakuwa nao. La namna hiyo malizana na Mungu. Na kama ulimpiga mtu, ulimbaka, ulimtesa akiwa mtoto, usimtokee ghafla mlangoni kwa sababu wewe unataka kupumua. Ametoka mbali kujikusanya. Pitia kwa mchungaji au mtu anayemwamini, aulizwe kwanza kama yuko tayari kukuona, na akisema hapana, hapana yake iheshimiwe. Kama ulichofanya ni kosa la jinai, njia ya kituo cha polisi ipo, na aliyesamehewa na Mungu haikwepi. Msamaha wa Mungu haumlazimishi mwingine akusamehe kwa ratiba yako.

Mfalme Daudi alimwambia nabii Nathani kwamba amekosa. Nathani akamjibu papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Mstari mmoja wa kukiri, mstari mmoja wa msamaha, na hakudaiwa arudie. Lakini Uria, aliyeuawa kwa agizo lake, alikuwa amekwisha kufa na Daudi hakuwa na mahali pa kwenda kumwomba radhi. Hilo ndilo linaloniogopesha katika kisa kile kuliko yote. Watu tuliowakosea wanakufa. Yule mwalimu uliyemsingizia, yule binti wa kazi uliyemnyima mshahara wa miezi mitatu ukamfukuza usiku, yule kaka mliyegombania shamba la marehemu baba: leo yuko hai, leo anapokea simu.

Mama yangu unayenisikiliza, ile dhambi ya ujana imekwisha, usiiombee tena. Kijana wangu, kesho kanisani sali sala yote bila kuruka kitu. Na wewe uliyenyamaza muda wote huu kwa sababu kuna jina limekujia, mtafute mtu huyo wiki hii, umwambie ulichomfanyia, na kama kuna cha kurudisha, kirudishe.